Mtutu wa Marehemu Salumu

Huseni Kondo wa Likawage ni mtu wa kujua kila kitu na kutouliza chochote. Kijiji kizima kinalijua hilo, na mwaka huu nusura limponze.

Kaka yake, Salumu, ndiye aliyetunza bunduki ya kijiji, ile ya kulindia mashamba. Alifariki masika yalipoanza. Kwa desturi ya ukoo wao, vitu vya marehemu havifunguliwi mpaka arobaini ipite, basi bunduki ikakaa sandukuni siku zote hizo, mvua ikinyesha na sanduku likinywa unyevu. Arobaini ilipopita wazee wakaitoa, wakamkabidhi Huseni. Alipoifungua na kuchungulia ndani ya mtutu, akiuelekeza kwenye mwanga, aliona wekundu kama udongo wa kichuguu, na katikati pete nene, nyeusi.

Alhamisi afande angekuja kukagua silaha. Mtutu ulioliwa na kutu hupelekwa stoo ya wilaya, na huko vitu huwa haviendi kwa matembezi. Mahindi ya Huseni yalikuwa yameanza kubeba, na nguruwe pori wa Likawage hawana adabu. Mwaka juzi walimwachia mabua matupu, watoto wake wakala mihogo ya kuomba kwa majirani.

Jumatano asubuhi akaketi barazani kwa marehemu, akafunga stili waya kwenye ncha ya ufito, akachovya mafuta ya taa, akaanza kusugua. Wekundu ulitoka upesi, kumbe ulikuwa wa juujuu tu. Lakini ile pete nyeusi iligoma. Kufikia adhuhuri viganja vimemchubuka, naye ameshaamini kuwa chuma kimeoza.

Nyuma ya pazia la mlango alikuwa Hamida, mjane wa Salumu, bado yumo edani. Huseni, kwa heshima iliyopita kiasi, hakuwa amemsemesha tangu mazishi. Hata salamu alimtuma mkewe.

"Shemeji," Hamida akasema kutoka ndani, "tangu asubuhi unakwangua nini?"

"Kutu, shemeji. Katikati pameoza. Mtutu umekufa huu."

"Katikati? Hiyo si kutu, ni nta ya nyuki. Kaka yako alikuwa akiupaka kila masika yakikaribia. Mwaka huu alipaka akiwa kitandani, mkono hauna nguvu, nta ikabaki katikati, hakuweza kuisambaza mpaka kwenye ncha. Uanike juani ilainike, kisha ufute na kitambaa. Si ungeuliza?"

Huseni akauanika mtutu, akangoja, akafuta. Alipochungulia tena, pale penye pete ndipo palipong'aa kuliko pote. Akakaa chini, akalia kwa furaha na kwa kumkumbuka kaka yake, wala hakujificha.

Alhamisi, barazani hapohapo mbele ya wazee, afande, kijana mgeni wilayani, aliuelekeza mtutu kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu.

"Safi kabisa," akasema. "Nani anaitunza?"

"Kaka yangu," Huseni akajibu kabla hajafikiri.

"Mwambie aendelee hivyohivyo."

Wazee wakatazama chini. Huseni akasema atamwambia. Nyuma ya pazia Hamida akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu mazishi, na barazani hakuna aliyeona vibaya.