Majani Matatu na Jua la Chole

Sikwenda Mafia kuangalia papa potwe kama watu wengine. Nilikwenda kwa ajili ya nguo za biri, na msicheke kwanza. Pale Morogoro tuna karakana ndogo ya kusokota biri, yale masigara manene ya watu wenye vitambi na nafasi. Kila biri huvikwa jani moja zuri kwa nje, na jani hilo ndilo linaloonekana, ndilo linaloguswa na mdomo, ndilo linalotugombanisha kila siku. Mama Renatha, mwenye nyumba ya wageni Utende, huko huko Mafia, alitaka biri kwa ajili ya watalii wake. Bosi wetu, Bi Stella, akanipa majani ya aina tatu nikamsaidie kuchagua.

"Ukirudi na jani linalofaa, wewe ndiye mchaguzi wa majani," akaniambia. "Ukirudi na maneno matupu, unarudi kwenye ufagio."

Miaka minne nilikuwa nikifagia vikonyo vya tumbaku. Nikaapa kwamba mimi na ufagio basi.

Alfajiri ya Jumatatu nikaondoka, majani nimeyafunga ndani ya kitenge kibichi, maana jani la juu likikauka huvunjika. La kwanza lilikuwa jani la kivulini, lililokuzwa chini ya vitambaa ili jua lisiliguse: jembamba, rangi ya asali, laini mno. Hilo nilikuwa nimeshalichagua moyoni kabla hata sijafunga mkoba. La pili lilikuwa la juani, la kahawia, lina mishipa kiasi. La tatu jeusi, nene, lililovundikwa muda mrefu hadi likajaa mikunjo na mafuta. Hilo nililibeba kwa kumwogopa Bi Stella tu.

Nyamisati nikapanda boti, nikatapika kwa adabu, na Kilindoni nikashuka nikiwa hai. Kwenye lango la hifadhi ya bahari, Utende, askari mmoja akaona mfuko wangu unachuruzika maji.

"Samaki hao?"

"Majani."

Akafungua, akanusa, akanipima kwa macho toka juu mpaka chini. "Majani gani yanafunikwa kama mgonjwa?"

Nikamweleza habari za kivuli, jua na kuvundika. Nilikuwa nimefika kwenye mishipa aliponikatiza. "Kaka, nenda tu. Nimeelewa."

Kwa Mama Renatha kulijaa wageni. "Mimi majani ninayoyajua ni ya maboga," akasema. "Kalale kisiwa cha pili hapo, Chole, kwa Bi Mwanahawa, kesho jioni niletee chaguo lako." Nikavuka kwa mashua ndogo. Bi Mwanahawa ni mtu mzima, analima mwani na kusuka mikeka. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba na sahani ya wali na pweza, nikalala kama gogo.

Asubuhi nikauweka mzigo uani kivulini, nikaenda kutazama popo wakubwa wa Chole wanavyoning'inia mtini. Wala sikuharakisha. Mchaguzi wa majani haharakishi.

Saa sita narudi, nini naona! Majani yangu yote yameanikwa juu ya chanja, katikati ya mwani, jua linawaka utadhani limetumwa.

"Bibi! Nani kafanya hivi?"

"Mimi, baba. Nimekuta mzigo wako umerowa, nikasema masikini, mgeni wa watu kaingiliwa na maji ya bahari kwenye mashua." Chole kitu kilichorowa huanikwa, mtu haulizi maswali.

Nikaligusa jani la kivulini, likavunjika kama papadi. Nikakaa mchangani, mwanamume mzima, nikalia.

"Unalilia majani?"

"Nalilia kazi, Bibi! Mimi ni wa kurudi kufagia!"

"Kufagia si haramu. Hebu nyamaza."

Akaleta maji kwenye kata, akayanyunyizia majani kwa ncha za vidole, akayaviringisha ndani ya kanga mbichi. "Miyaa ya mkeka ikikauka mtu halii, hunyunyiza maji akangoja. Wewe hayo majani umesomeshwa na nani?" Akaenda zake kuswali adhuhuri. Mimi nikabaki naitazama kanga kama natazama chungu kisichochemka.

Baada ya alasiri akaifungua. La kivulini lilikuwa ugoro mtupu. La juani lilikuwa limepasuka kandokando ya mishipa. Lile jeusi, jamani, lilikuwa laini tena! Bi Mwanahawa akalivuta, akapitisha dole gumba mgongoni mwake, akalizungusha kwenye kidole, lisipasuke.

"Hili ndilo. Limekula jua letu wala halikuteta."

"Lakini Bibi, baya sura!"

"Kwani unalioa?"

Jioni tukavuka wote kwenda Utende, yeye na mikeka yake ya kuuza, mimi na jani langu jeusi. Mama Renatha akanionyesha mahali atakapoziweka biri: kaunta inayotazama bahari, asubuhi jua, jioni upepo wa chumvi. Pale lile jani langu la asali lisingemaliza wiki. Sikuwa hata nimewahi kuuliza litaishi wapi!

"Nimelifanyia jaribio la jua," nikasema, kifua mbele.

Bi Mwanahawa akakohoa.

"Tumelifanyia," nikasahihisha.

Akakohoa tena, na mafua hana.

"Basi, kalifanya yeye!"

Mama Renatha alicheka mpaka akashikilia kaunta, kisha akaagiza biri za jani jeusi.

Njia nzima ya kurudi nilijizoeza uongo: Kilindoni ulikuwa mfupi, Nyamisati ukanenepa. Lakini kwapani nilikuwa na mkeka alionizawadia Bi Mwanahawa, na Bi Stella alipouliza, "Hili nani kalichagua?" macho yangu yakaangukia mkeka ule. Nikaona haya. Nikamwambia yote, hata kulia.

"Basi mchaguzi tumempata," akasema. "Wewe utakuwa unampelekea majani."

Ufagio akapewa mwingine, na mimi nikajifunza kwamba jani huulizwa kwanza linakwenda kukaa wapi, sura baadaye. Sasa kila mzigo mpya ukifika navuka nao Chole, umefungwa kibichi. Namwamkia Bi Mwanahawa shikamoo, ananijibu marahaba, anaupokea mzigo kwa mikono miwili. Na kabla hata sijapewa chai ananiuliza, "Leo utalia kwanza, au nianike?"