Mpira wa Pembe na Mpira wa Makambako

Meza ya biliadi ya Njombe ilitufikia bila mpira mweupe. Mlowezi mmoja aliyekuwa na shamba njia ya Uwemba alifunga virago kurudi kwao Ulaya, akaiacha meza yake kwa jumba la welfea, yaani ukumbi ambao serikali ilitujengea sisi Waafrika tupumzikie baada ya kazi. Ililetwa juu ya lori la magogo ya miwati. Tulipofungua sanduku la mipira tukakuta nyekundu zote na zile za rangi nyingine zimekaa kwenye vyumba vyake, na chumba cha mweupe kitupu. Na huo mweupe ndio unaopigwa kwa fimbo ili uisukume mingine shimoni. Bila huo, meza ni kitanda cha kijani tu.

Tuliizunguka meza ile kwa majuma kadhaa kama watu waliopewa gari lisilo na usukani. Hatimaye mwalimu mmoja wa shule ya misheni ya Kikatoliki, aliyekuwa rafiki yangu, akaja na baiskeli yake akiwa na kitu amekifunga kwenye leso. Padri wake alikuwa na mpira wa zamani wa pembe ya ndovu, alioutumia kukandamizia karatasi zisipeperuke, na amekubali kuutoa. Ulikuwa umegeuka rangi, si mweupe tena, bali kama jino la mvuta tumbaku. Na ulikuwa mdogo kidogo kuliko wenzake. Hakuna aliyejali. Jioni ileile tulianza kucheza.

Wakati huo nilikuwa karani wa boma, mwenye mke na mtoto mchanga, na sikuwa na kipaji chochote nilichokijua. Sikuimba kanisani, sikukimbia, kwenye mpira wa miguu niliwekwa golini kwa sababu ya urefu. Lakini meza ile ilinikubali. Kabla mvua hazijakatika nilikuwa nimejifunza pigo moja ambalo watu walitoka sokoni kuja kuliona. Nilishusha ncha ya fimbo, nikaupiga mpira wa pembe chini ya kiuno chake. Ukaenda, ukaigonga nyekundu, nyekundu ikaingia shimoni, na wenyewe ukarudi kinyumenyume hadi karibu na mkono wangu, kama mtu aliyesahau kofia nyumbani. Tuliliita pigo la kurudisha. Wengine walilijaribu wakaliweza nusunusu. Mimi nilirudisha kutoka popote. Baba yangu, mzee wa kanisa la Kilutheri asiyependa michezo ya mezani, alikuja siku moja kunichukua, akasimama mlangoni akatazama, na tulipotoka alikiri kwamba ile ni kazi ya mikono kweli.

Basi nikawa na jina. Na jina hilo lilifika Makambako, alikokuwa akiishi shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu.

Shemeji alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli ya Mgiriki mmoja pale njia panda, ambapo magari ya kutoka Iringa, Mbeya na Songea yalikutana. Hoteli ilikuwa na meza ya biliadi ya wageni, na siku ambazo hapakuwa na wageni, tajiri wake aliwaruhusu wafanyakazi kuichezea, mradi wasivute sigara juu ya kitambaa. Shemeji alikuwa mtu mpole, mfupi, mwenye kusema polepole. Alinitumia salamu kwa dereva wa lori: amesikia habari zangu, niende tucheze, nilete na wenzangu.

Tulikwenda mchana wa jua na upepo, ule upepo wa Makambako unaokujaza vumbi hadi kwenye meno. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Shemeji alitupokea vizuri, akatupa viazi na nyama, akauliza hali ya dada yake na mtoto. Kisha tukaingia chumba cha meza. Mpira mweupe wa pale ulikuwa mweupe hasa, unang'aa kama yai lililooshwa, umetengenezwa kiwandani kwa dawa fulani ngumu, si kwa pembe. Niliushika, nikahisi mkono wangu unashuka. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Nafasi yangu ya kwanza ilikuwa rahisi. Nyekundu ilikaa mbele ya shimo la kona, na mweupe umeielekea moja kwa moja. Watu wa Makambako walisogea, maana walikuwa wameahidiwa kuona kitu. Nikashusha fimbo, nikapiga. Nyekundu ikaingia. Mweupe haukurudi. Ulisita kidogo pale ulipogonga, kisha ukaendelea mbele taratibu, ukaifuata nyekundu shimoni. Kuutumbukiza mweupe ni kosa, na alama anapewa mwenzako. Mtu mmoja akacheka kwa pua.

Nikapiga kwa nguvu zaidi mara iliyofuata. Ukarudi shibiri moja, ukasimama katikati ya meza, mahali pabaya kuliko yote. Nilipokata kwa pembeni, haukwenda nilikoutarajia. Ulipita njia nyembamba zaidi, ukakaa nyuma ya mipira mingine. Nikaongeza nguvu, nikakosa shabaha. Nikapunguza, nikabaki njiani. Kila nilichokijua kilikuwa kimehamishwa hatua moja, kama mtu anayerudi nyumbani gizani akakuta wamehamisha kitanda. Shemeji alicheza kwa utulivu, pigo fupi fupi, akinishinda bila hata kukunja uso.

Nilimwambia mbele ya watu kwamba mpira wao ni mzito. Nilijua mara moja kwamba nimekosea kusema.

"Shemeji," alisema, "asiyejua kucheza husingizia uwanja."

Hakusema kwa ubaya. Wote walicheka, hata mwalimu rafiki yangu alitabasamu akatazama viatu vyake. Njia nzima ya kurudi Njombe, tukiwa juu ya magunia nyuma ya lori, nilieleza habari ya uzito mpaka wenzangu wakajifunika mablanketi usoni. Nyumbani nilimweleza mke wangu. Alisikiliza huku akinyonyesha, akaniuliza kama kaka yake alitumia mpira mwingine tofauti na wangu. Nikasema hapana, tulitumia huohuo mmoja. Akasema, "Basi ulikuwa mzito kwenu wote," akamgeuza mtoto upande wa pili.

Hilo ndilo lililoniudhi kuliko kushindwa. Jibu lake lilikuwa sawa, na bado nilikuwa na haki. Mtu aliyejifunza kwa mpira mwepesi amejifunza meza nyingine. Mpira mwepesi ukigongana na mzito zaidi yake hudunda, hurudi wenyewe hata kabla hujauomba. Mzito husukuma kilicho mbele yake na kuendelea na safari. Nilianza kuwaza kwamba labda lile pigo lililoniletea jina halikuwa langu. Labda nusu yake ilikuwa ya ndovu.

Niliuchukua mpira wa pembe kwenye mfuko wa koti nikasafiri tena Makambako peke yangu, nikamwomba shemeji tutoke na mweupe wao mpaka duka la Mhindi aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Alikubali, ingawa aliona haya kidogo. Mhindi aliacha kupima sukari, akaweka mpira mmoja kila upande wa mizani. Upande wa Makambako ukashuka papo hapo, wa Njombe ukapanda juu na kubaki huko. Wateja wakasogea kutazama. Nilimgeukia shemeji nikimngoja aseme neno.

Aliichukua yote miwili, akaipima viganjani, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Ni kweli," akasema. "Wetu ni mzito. Lakini ndio tulio nao."

Akanunua chumvi, akarudi kazini. Mimi nikabaki pale barabarani na haki yangu mfukoni, nikingoja lori.

Mechi ya marudiano ilikuwa Njombe, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, watu wakiwa na furaha. Kabla ya siku hiyo nilifanya jambo ambalo nililiona la haki kabisa. Nilimpelekea shemeji ujumbe kwa dereva wa lori, nikipendekeza kila mchezaji apige kwa mpira wake. Zamu yangu ikifika, mweupe wa Makambako uondolewe na wa pembe uwekwe palepale. Zamu ya shemeji ikifika, vivyo hivyo. Nilitazamia abishe. Alisema sawa, kama ndivyo nitakavyoridhika, na akaenda kuomba ruhusa kwa tajiri wake kuuazima mpira.

Sijui kama kuna mchezo mwingine uliowahi kuchezwa vibaya kama ule. Kila zamu ilipobadilika, mwalimu, tuliyemfanya mwamuzi, aliinama juu ya meza, akaweka alama ya chaki, akaondoa mpira mmoja na kuweka mwingine. Wa pembe, kwa kuwa mdogo, uliacha nafasi pale ambapo mkubwa ulikuwa umegusana na nyekundu. Je, umegusa au haujagusa? Ulipokuwa umeegemea ukingo, uwekwe katikati ya alama au kwenye ukingo? Tulibishana kila mara. Kitambaa kikajaa madoa ya chaki kama shati la mwashi. Nilirudisha vizuri siku ile, tena vizuri sana, lakini baina ya pigo moja na jingine palipita mabishano marefu hata hakuna aliyekumbuka kushangilia. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kunywa ulanzi nje. Baadaye ukungu ukashuka, baridi ikaingia kupitia mlangoni, na ukumbini tukabaki wachezaji na mwamuzi.

Nilikuwa naongoza. Mipira ilibaki michache. Shemeji akaiegemeza fimbo yake ukutani, akasema lori lao linaondoka, na kwamba nimeshinda.

"Tumalize," nilimwambia. "Haijaisha."

"Umeshinda, shemeji. Sote tumeona."

Alinipa mkono, akapitia nyumbani kumsalimu dada yake, akaondoka. Nilibaki na ushindi ambao sikuweza kumsimulia mtu, kwa sababu kila aliyesikia aliuliza tulitumia mpira upi.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali, asubuhi majani yakiwa meupe kwa umande ulioganda. Mtunza ukumbi alikuwa na desturi ya kuwasha jiko la mkaa jioni na kuuweka mpira wa pembe karibu na moto, ili usiwe wa baridi mkononi. Alifanya hivyo kwa kunipenda. Pembe haitaki mambo hayo. Jioni moja niliupiga nikasikia sauti tofauti, kama mtu anayevunja karanga, na mpira ukaenda ukiyumba. Ulikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Tuliupaka gundi ya seremala, lakini tangu hapo ulipita mezani ukichechemea, ukikata kushoto wakati wowote ulipotaka.

Afisa wa welfea alituagizia mwingine kutoka Dar es Salaam. Ulipofika, niliushika tu nikajua. Ulikuwa mzito kama ule wa Makambako.

Niliacha kucheza kwa muda. Kisha nikarudi, maana jioni za Njombe ni ndefu na baridi, na mtoto alikuwa analia kwa kuota meno. Nilijifunza upya kama mtu aliyevunjika mkono wa kulia akaanza kuandika kwa wa kushoto. Pigo la kurudisha lilikuja robo, halafu nusu, na likaishia hapo. Vijana waliokuwa wakija kulitazama waliacha kuja. Walipata mtu mwingine, mpiga gitaa. Nililazimika kupiga polepole, kuuacha mweupe uende mbele unakotaka kwenda, na kupanga ninachotaka mimi kifuate huko. Sikuupenda mchezo huo. Ulikuwa mchezo wa wahasibu.

Shemeji alikuja kwa ubatizo wa mtoto wetu wa pili. Baada ya kanisa na chakula, wanawake wakiwa wanaosha vyombo, tulitembea hadi ukumbini, sisi wawili tu. Meza moja, mpira mmoja. Tulicheza bila kusema mengi. Nilipiga mafupi, sikujaribu kurudisha hata mara moja, na mwishoni ilibaki nyeusi peke yake, ile inayomaliza mchezo, karibu na shimo la katikati. Niliigusa kwa upole. Ikaingia. Mweupe ukasogea mbele kidogo ukasimama mdomoni mwa shimo, haukuanguka.

Nilikuwa nimemshinda, kwa haki, bila chaki wala mizani. Nilingoja furaha ije.

Shemeji aliutazama ule mpira mweupe ulivyokaa, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Sasa ndiyo unacheza," akasema.

Nilimshukuru kama inavyompasa mtu kumshukuru kaka wa mkewe, ingawa nilikuwa nimecheza mchezo wake, si wangu. Nikazipanga fimbo ukutani, nikaifunika meza kwa turubai, na tuliporudi nyumbani nilimwacha atangulie, nikasimama nje kidogo nikipasua kuni ambazo hakuna aliyeniomba nizipasue.