Mimi Ndiye Walii wa Maimuna

Alhamisi hiyo mwanamke wa Kiarabu aliteremka kwenye boti, akakanyaga tope la kwetu Delta ya Rufiji na viatu vyake vizuri, akaniita kaka.

Wenzangu wakaacha kushona nyavu. Mmoja akacheka kabisa.

Mimi Kibwana ni mweusi tii, nimefuata rangi ya mama. Mama alikuwa Mndengereko. Baba alikuwa Mwarabu mwenye duka Mohoro. Alimuoa mama kwa siri, akamficha huku visiwani mpaka anaingia kaburini.

"Naitwa Maimuna," akasema yule dada. "Baba alinitajia jina lako siku tatu kabla hajafa. Kaka, nisaidie. Ami kaninyima mume."

Akanieleza. Anampenda Faraji, bodaboda wa Ruaruke, Mndengereko mwenzangu. Ami yake, Abdulhalim, kaapa kwamba binti wa kwao haolewi na mtu mweusi. Jumamosi anapelekwa Tanga akaolewe na binamu.

"Sasa mimi mvuvi nifanyeje?"

"Baba hayupo, babu hayupo, na mama hakuzaa mwingine. Kaka wa kwa baba anamtangulia ami. Walii wangu wa kuniozesha ni wewe."

Nisiwadanganye, hasira zilinipanda. Nikiwa na miaka kumi nilikwenda kwenye duka lile kumwona baba, ami huyohuyo akanifukuza kama mbwa. Leo ndiyo nakumbukwa?

Lakini binti alikuwa analia, na macho yake ni ya baba yetu, hayabishaniwi. Nikamwambia mke wangu, Zawadi, anitolee kanzu.

Ijumaa baada ya swala tukakaa msikitini Mohoro, mimi, Faraji na Shekhe Ukasha. Maimuna na mama yake walikuwa nyuma ya pazia, pamoja na mke wangu na binti yetu Siti. Shekhe ndiyo kwanza anakohoa aanze hotuba, Ami Abdulhalim akaingia na wanaume sita.

"Simamisha! Huyu mtoto wa nje. Hana uwalii hapa."

Kimeumana.

Shekhe akanigeukia. "Kibwana, mwanangu, ndoa ya mama yako ina shahidi?"

Mama, Mungu amrehemu, aliniambia walikuwa wawili. Mmoja keshakufa. Wa pili nilimjua, na nilikuwa naogopa kumtaja.

"Yupo, Shekhe," nikasema. "Ni huyo aliyesimama mlangoni."

Msikiti mzima ukamgeukia ami. Akikana tu, Maimuna anapanda basi la Tanga, na mimi natoka pale mwanaharamu mbele ya kadamnasi.

"Abdulhalim," Shekhe akasema taratibu, "uko ndani ya nyumba ya Mungu. Ulishuhudia, hukushuhudia?"

Mzee akatazama mkeka. Wale sita wakaanza kutazamana.

"Nilishuhudia," akasema mwishowe. "Ndoa ilikuwa halali. Mimi ndiye niliyemwambia kaka yangu aifiche."

Akatoka. Hakumuaga mtu.

Nikaushika mkono wa Faraji. "Nakuozesha dada yangu, Maimuna..." Faraji akajibu amekubali. Kina mama wakashindwa kujizuia, vigelegele vikapasuka hapohapo.

Najua hapa mnanipigia makofi. Subirini kwanza.

Kesho yake tuko ndani ya boti tunarudi kisiwani. Mke wangu akanisogelea.

"Baba Siti, na Nassibu je?"

Nikajifanya sijasikia.

Nassibu ni kijana wa Kisukuma, mfugaji, Mwislamu anayeswali kuliko mimi. Mwezi uliopita alikuja kumposa binti yetu, Siti. Nilimtoa mbio na panga. Nikasema mbele ya majirani kwamba mwanangu haolewi na mtu wa bara anayenuka ng'ombe.

Sikutukanwa na mtu ndani ya ile boti, lakini uso uliniwaka. Siti alikuwa amekaa mbele, katugeuzia mgongo. Tangu juzi alikuwa akiniangalia nikimpigania shangazi yake.

Funzo langu ni hili, ndugu zangu. Ubaguzi unauona upesi ukiwa wewe ndiye unayefukuzwa. Ukishika panga wewe, unauita heshima ya ukoo. Mimi nimeufanya, na nimeona aibu.

Nilimwomba Siti namba ya yule kijana. Akanitajia bila kunitazama.

Leo asubuhi nimempigia mara mbili. Bado hajapokea.