Bathdei Waliyopewa na Karani

Asubuhi ya Mwaka Mpya, kwenye dirisha la uhamiaji hapa Busia, redio ndogo ya afisa ilikuwa inataja mambo ya siku kama ya leo: nani alizaliwa, nani alifariki, nchi gani ilipata uhuru. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mzee aliyeniambia anavuka mpaka kwenda kwa dada yake, kwa sababu nyumba yake mwenyewe kule Mundika imekuwa kimya sana.

Afisa alitazama kitambulisho chake, akatabasamu. "Mama, kumbe leo ni siku yako! Hepi bathdei!"

"Hiyo ni ya karani," mama akajibu. "Mimi nilizaliwa wakati wa kupalilia, tarehe hakuna mtu alijua. Karani wa vitambulisho akaniandika Januari moja. Mzee wangu aliyenioa pia akamwandika hiyo hiyo."

Foleni nzima ilicheka. Mimi nilicheka zaidi, maana hata marehemu baba yangu alipewa hiyo hiyo. Wazee wa huku kwetu Bukhayo waliozaliwa Januari moja wanaweza kujaza uwanja, na redio haijawahi kumtaja hata mmoja.

Afisa akagonga muhuri. Mama akachukua karatasi yake, akapiga hatua tatu, kisha akarudi na kuweka kiganja kwenye kioo.

"Bosi, sema tena."

"Niseme nini, mama?"

"Hiyo ya bathdei. Mzee ndiye alikuwa ananiambia kila mwaka, na mimi namwambia yeye. Tulimzika Oktoba."

Afisa alizima redio kwanza, ndipo akasema tena.