Nyongeza ya Mama Fiston

Concilie, ambaye mtaa mzima wa Kavimvira, kule Uvira mpakani, unamwita Mama Fiston, ameuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, miaka ishirini, na hajawahi kumkabidhi mtu fungu bila kutupia nyongeza juu. Mnunuzi asiyepata nyongeza harudi. Akili hiyo hiyo aliibeba mpaka Kigali, alikopelekwa kuchomwa miali siku kumi na tano, baada ya kukatwa uvimbe wa kansa katika titi la kushoto.

Siku tisa zilipita vizuri. Asubuhi ya kumi, wifi yake Bibiche akapiga simu kutoka Uvira. Huyo Bibiche dawa anayoijua ni paracetamol tu, lakini mdomo anao.

“Wifi, weye unalala tu pale kama mbao? Mizizi ya kansa iko mu kwapa. Sogea kidogo, nayo ipate!”

Libérat, fundi wa miali, akamlaza, akalinganisha alama za wino kifuani mwake na taa za mashini, akatoka na kufunga mlango. Hapo Concilie akajivuta upana wa vidole viwili kuelekea miguuni, ili miali ifike kwapani.

Mashini ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Libérat akarudi mbio.

“Mama, umesogea?”

“Minye? Niko palepale.”

“Mashini inasema hapana. Kila siku inapima yenyewe miali inayotokea upande wa pili wa mwili, inalinganisha na hesabu ya daktari. Leo havilingani, imejisimamisha.”

“Kumbe iko mpelelezi!”

“Mpelelezi wako, mama. Ingekuachia, titi huku chini lingekosa dawa, na pafu lingekula isiyo yake. Kansa ingebaki inakucheka.”

Concilie, anayewanyamazisha wabadilisha pesa wote wa mpakani, akashusha sauti.

“Nilitaka nyongeza,” akasema. “Ya kwapa.”

“Kwapa walilipima siku ya operasyo, halina kitu. Hapa nyongeza hakuna. Iko kipimo tu.”

“Basi nirudishe kwa alama. Na mashini yako ifungue macho, maana na minye naiangalia.”

Siku ya kumi na tatu, akiwa chini ya mashini, pua ilimwasha vibaya. Akaiacha iwashe. Kila alipoteremka kitandani, kabla hata ya kufunga kitenge, aliuliza: “Inasema nini?” Hakutoka mpaka aonyeshwe kwenye mashini rangi ya kijani, ya kusema miali imelingana na hesabu.

Siku ya mwisho ilipokuja kijani, alimpigia Bibiche akiwa bado mlangoni.

“Nimemaliza, wifi. Na kwapa langu uniachie mwenyewe.”