Makofi Si Kura

Siku ile ya mahindi ya msaada naikumbuka, mjukuu wangu, na mpaka leo nikiisimulia mwili wangu husisimka. Kaa hapa. Hiyo simu iweke chini. Kesho kuna mkutano wa kijiji wa kutaja kaya zitakazopewa ruzuku, nawe umeniambia hayo ni mambo ya wazee. Ebo! Nisikilize kwanza.

Nilikuwa mke mgeni hapa kijijini, hata kuni sijajua zinakatwa upande gani. Vyama vingi vilikuwa bado vichanga. Mwaka huo batobato ilishika mihogo yetu, majani yakajikunja, ukichimbua unakuta vijizizi tu, na muhogo ndio ugali wetu. Serikali ikaleta mahindi kutoka Kasulu mjini. Hayakututosha wote, ikabidi mkutano mkuu uamue nani apate.

Jirani yetu, Mama Bukuru, alikuwa mjane mwenye mapacha, Bukuru na Butoyi. Watoto walikuwa wamevimba mashavu kwa njaa, nywele zimegeuka nyekundu. Lakini mama yao alikuwa na isoni, haya ile ya kwetu inayomfanya mtu afe huku anajibu "tu wazima". Na mumewe hayupo, nani amsemee?

Mwenyekiti akasimama, akataja aliowachagua. Wengi walikuwa shemeji zake, wenye mashamba ya bondeni ambako mahindi yao yalistawi. Mama Bukuru hakutajwa. Alipomaliza, tukapiga makofi. Usicheke! Sisi Waha mkubwa tunamsalimu kwa makofi, unainama unapiga taratibu, ndivyo tulivyolelewa tangu enzi za mwami, mtemi wetu wa zamani. Mtendaji, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, akatangaza, "Basi, mkutano umepitisha." Mama Bukuru akawashika wanawe mikono aondoke.

Hapo mama mkwe wangu akainuka. Mwanamke, mbele ya wanaume wote wale! Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

"Mwenyekiti, mwanangu," akasema, "tumekusalimu. Kukubali bado."

"Sasa mama, kukubali kwenu kukoje?" mtendaji akauliza.

"Si mlituambia siku hizi ni mikono? Haya, ita mikono. Wangu mimi ni wa Mama Bukuru."

Akauinua, umekauka kama ukuni. Mama wee, wanaume wote wakageuka kumtazama! Kisha mke wa mwenyekiti mwenyewe akainua wake. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka uwanja wote ukawa mikono tu. Wangu sijui uliinuka saa ngapi, niliukuta tu uko juu.

Mwenyekiti akatutazama. Sisemi moyo wake ulilainika, la. Uchaguzi ulikuwa unakuja, naye si mjinga, alijua mikono ile ile ndiyo itakayopiga kura. Akawatoa shemeji zake, akamweka mjane. Nilishangaa, mwanangu, na bado nashangaa. Mtu mkubwa vile kugeuzwa na bibi asiye na viatu, bila fimbo wala jiwe!

Jioni nikamuuliza mama mkwe alipata wapi ujasiri. Akacheka.

"Nilipokuwa mtoto," akasema, "mwami alimpa ng'ombe yule aliyempenda. Baba yangu alimpigia makofi mpaka viganja vikauma, hakuona hata ndama. Baadaye, enzi za chama kimoja, chama hicho kikatujengea shule na zahanati bila kutuuliza, nakishukuru, wanangu walisoma. Ila anayekupa kwa hiari yake, kesho atakunyima kwa hiari yake. Leo mkubwa anatuhitaji sisi. Jambo kubwa hilo, binti yangu, msilichezee."

Butoyi hujaniuliza aliishia wapi, maana unamjua. Bukuru ndiye mjomba wako anayefundisha shule huko Kibondo, na Butoyi ndiye mama yako, anayekufokea kila asubuhi uamke. Bila mikono ile nisingepata mkwe, na wewe nisingekuwa nazungumza nawe hapa.

Basi nasaha yangu ni hii. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo usimpigie mkubwa makofi kabla hujajua nani ameachwa nje. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa mpaka aambiwe, tena aambiwe na watu anaowahitaji. Kura hutawala ikiwa na mtu nyuma yake. Wapo wengi wenye kura na bado wanalala njaa, kwa sababu siku ya kusema walibaki nyumbani na simu. Na mwenye isoni hatainua mkono wake kujitaja. Mwinulie wewe.

Nenda kesho, mwanangu. Imana, Mungu wetu, akupe macho ya kumwona anayejificha, na mkono wako usiwe mzito siku mtoto wa mtu atakapoungoja.