Fundi Aliyelipima Gauni Tupu

Saa nne asubuhi, Jumanne. Fundi cherehani amekaa barazani kwake, uzi mdomoni, anashona vifungo vya gauni la njano. Ni gauni la mjukuu wake wa miezi minane. Lina bitana mara mbili na marinda matatu, na keshokutwa lazima livaliwe. Vifungo ni vitano. Ameshashona vitatu.

Akiinua macho anamwona binti yake anakuja kwa njia ya zahanati. Anatembea polepole, mbeleko ameikunja mkononi. Mgongoni hana mtu.

“Sikumuuliza kitu,” anasema fundi. “Mgongo wa mzazi ukiwa mtupu, na mtoto humwoni kwa mwingine, utauliza nini tena? Nilitoa uzi mdomoni, nikasimama.”

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Mtoto alikuwa ameharisha siku mbili tu. Bibi yake, ambaye alikuwa akimtania kwa kumwita mke mwenzangu, hakuelewa. Watoto wangapi huharisha wiki nzima, wakaamka siku ya nane wanadai uji? Na huyu wake alikuwa na kadi safi, mstari umepanda vizuri tangu azaliwe.

Kadi hiyo ilijazwa hapo hapo barazani. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, kikundi cha akina mama hukutana kwa fundi kupima watoto chini ya miaka mitano. Zahanati iko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kwa hiyo muuguzi aliwaachia mizani ya kutundika, ile yenye uso wa saa na ndoano chini yake. Boriti ya baraza la fundi ndiyo iliyoonekana imara kuliko zote.

Muuguzi aliwafundisha vizuri. Mtoto avuliwe, atiwe kwenye mfuko, asomwe. Lakini alipoondoka, wenyewe wakaongeza yao. Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya kuita watu ng’ambo ya mto, akawa anatangaza kilo za kila mtoto. Aliyeongezeka alipigiwa vigelegele. Aliyepungua, mama yake alishuka ngazi kimya, na jioni hiyo kila kisima kilikuwa na habari zake.

Basi nani atakubali kushuka kimya?

Alhamisi ya mizani ikageuka sikukuu. Watoto wakaja na kofia, soksi, viatu, sweta juu ya shati, shali juu ya sweta. Mmoja alinyweshwa uji mlangoni, bakuli zima, akautapika wote kwenye mizani. “Hata matapishi tuliyapima,” anasema mwenyekiti, anacheka huku anajifunika uso.

Kumvua mtoto aliyependeza hivyo kulionekana kama kumtukana mama yake. Wakaacha kuwavua.

Fundi ndiye aliyewashonea. Wiki ya mizani aliletewa nguo za watoto tano, sita, na kazi hiyo peke yake ilikuwa karibu nusu ya kipato chake cha mwezi. Mume wake alishafariki. Cherehani ndiyo iliyokuwa inanunua unga, sabuni na mafuta. Alijua kinachowafurahisha wateja: bitana nzito, marinda mengi, vifungo vikubwa.

Wiki tatu baada ya maziko, muuguzi alikuja kutoa pole. Alikunywa chai, akaomba kuiona kadi. Akaufuata mstari kwa kidole.

“Mama,” akamwambia, “mtoto wa uzito huu anakuwa na akiba mwilini. Kuhara siku mbili kusingemmaliza. Mlikuwa mnampima vipi?”

“Tulivyofundishwa.”

“Mnamvua?”

Fundi akaanza kukusanya vikombe. Muuguzi hakurudia swali. Aliaga, akaenda zake.

Mchana huo huo, binti akiwa kisimani, fundi aliitundika mizani kwenye boriti. Akalichukua gauni la mwezi uliotangulia, sweta, kofia, viatu na shali, vyote alivyovaa mjukuu wake siku ya mwisho kupimwa. Akavitia kwenye mfuko. Mshale ukasogea, ukasimama karibu na robo tatu ya kilo.

Kadi ilisema kilo sita na gramu mia nane. Mtoto mwenyewe alikuwa sita na kidogo.

“Nilikaa chini kwenye sakafu,” anasema. “Nikajiambia, kumbe nilikuwa nalipima gauni langu. Mtoto anapungua ndani, mimi nampigia vigelegele kitambaa.”

Jambo zito kuliko lile la mizani lilikuwa kumwambia binti yake. Alimwambia siku hiyo hiyo, ndoo ya maji haijatuliwa. Binti alisikiliza hadi mwisho, akatua ndoo, akaingia ndani. Kwa miezi miwili walipakua chakula kutoka chungu kimoja bila kuzungumza zaidi ya “chumvi” na “asante”.

Alhamisi iliyofuata fundi aliwaeleza wenzake. Aliutundika ule mfuko wa nguo mbele yao, wakaona mshale kwa macho yao. Kikundi hakikumpokea kwa shukrani.

“Unatuvunjia sherehe,” alisema mmoja.

“Watoto wetu wapimwe uchi kama kuku wa sokoni?”

“Na wewe fundi utakula nini? Au umechoka kushona?”

Hapo ndipo bibi mkubwa kuliko wote kikundini, asiye na jino hata moja la mbele, alipomgeukia yule aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote. “Mwenzangu, mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa sita. Sasa unaficha nini?”

Baraza zima liliangua kicheko, na katika kicheko hicho hoja ikapita.

Muuguzi alileta mashuka mawili makuukuu ya zahanati. Fundi akakata humo kaptula kumi na mbili za kupimia, zote za rangi moja, nyepesi, zenye mikanda miwili ya kuninginiza kwenye ndoano. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa kibarua huvaa ileile. Na hakuna anayetangaza tena. Namba husomwa, mama hunong’onezwa, kadi huandikwa.

Maagizo ya nguo za mizani yalikwisha. Fundi alirudi kupunguza suruali na kubadilisha zipu, na miezi ile ya mwanzo kulikuwa na siku walizolalia uji. “Njaa ile niliijua jina lake,” anasema. “Haikunitisha.”

Kilichomtisha kilikuja mwaka huu, kimevaa sweta la sufi.

Mama kijana, mkwe wa nyumba ya karibu na kinu cha kusagia, alikuja na mtoto wa kiume wa miezi kumi. Jua lilikuwa kali, watu wanajipepea kwa kadi, na mtoto amefungwa sweta hadi kidevuni. Alipoombwa amvue, alisema ana mafua. Alipimwa hivyo hivyo, kaptula juu ya nguo: kilo saba na nusu. Fundi alipompokea kutoka kwenye ndoano alihisi kitu kigumu chini ya nepi. Ilikuwa taulo, imekunjwa mara nne.

Alinyamaza. Mwezi uliofuata mama yule hakuja.

“Niliogopa kumfuata,” anasema. “Ningesema nini? Na kama ningemkuta anakuja njiani, mbeleko mkononi?”

Alikwenda Ijumaa. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta maharage.

“Karibu, fundi. Mjukuu wangu hajambo. Ukoo huu hauna watoto wembamba.”

“Najua, dada. Nimekuja kumsalimia tu.”

“Amelala.”

“Nitasubiri aamke. Nina muda, siku hizi sina wateja.”

Akakaa chini, akavuta ungo, akaanza kupepeta naye. Ungo wa tatu ulipokwisha, mtoto alilia ndani, kilio chembamba, cha kuomba radhi. Mama kijana akatoka naye. Fundi akaanza kusimulia habari za gauni la njano, bila kumtazama yeyote, mikono ikiendelea na maharage. Alisimulia bitana, marinda, viatu, robo tatu ya kilo. Alipofika kwenye vifungo, mama mkwe alikuwa ameacha kupepeta.

“Mwanangu,” fundi akamwambia mama kijana, “mimi sikuja kukuumbua. Njoo nyumbani sasa hivi. Barazani hakuna mtu. Nitakuwa mimi, wewe na mizani.”

Msichana alimtazama mama mkwe wake.

“Nenda,” mama mkwe akasema. Kisha akainuka. “Ngoja nivae viatu, tunakwenda wote.”

Ndani ya kaptula ya shuka, bila sweta na taulo, mtoto alikuwa na kilo sita na nusu. Mbavu zake zilihesabika. Jioni hiyo walifika zahanati, na muuguzi akaandika barua: hospitali ya wilaya, kulazwa, wiki mbili au zaidi.

“Na maharage?” mama mkwe akauliza, sauti imeshuka. “Shamba zima limekauka, mvua ikigusa yameota. Mwanangu yuko mbali kwenye kazi ya barabara, mimi mgongo haufai. Nani atavuna?”

“Sisi,” akasema fundi.

Jumapili asubuhi wanawake kumi na mmoja waliingia shambani. Mwenyekiti alitangaza kila gunia lililojaa, kwa sauti ile ile, na wakalipigia vigelegele. “Maharage hayaoni aibu,” alisema, “haya nitayatangaza mpaka wasikie ng’ambo.” Saa saba walikuwa wamemaliza.

Mtoto alikaa hospitali siku kumi na saba. Alirudi amebebwa na mama yake, bibi yake nyuma na begi, mwenyewe akinyonya pakiti ya chakula cha lishe kama mtu aliyedhulumiwa siku nyingi. Mwezi uliopita alifika kilo nane. Aliposhushwa kwenye ndoano aliing’ang’ania kaptula, ikabidi wanyang’anyane.

Anayesoma mizani siku hizi ni binti wa fundi. Hakuombwa. Alhamisi moja, mwaka wa kwanza baada ya msiba, mama yake alikuwa akikodoa macho kwenye mshale na miwani imepotea. Binti akatoka ndani, akasimama kando yake, akasema, “Mama, kaa. Nitasoma mimi.” Tangu hapo hajakosa hata mwezi mmoja. Hunong’ona namba, na akiona mshale umerudi nyuma hamwachi mama wa mtoto aondoke mpaka wakae wawili nyuma ya nyumba.

Fundi anatamani kushona kaptula za vijiji vitatu vya ng’ambo, ambavyo vimeshaomba. Muuguzi ameahidi mashuka mengine. Cherehani inahitaji mkanda mpya, na mkono wake wa kulia huuma asubuhi, lakini anasema mkono utanyamaza ukiona kazi.

Binti yake ana ujauzito wa miezi saba. Wakikutana na watu njiani, utani ni ule ule: “Fundi, umeshamshonea mke mwenzio?”

“Kwanza aje,” hujibu. “Tufahamiane.”

Kliniki ya wajawazito inayofuata ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Wataondoka alfajiri, wote wawili, kwa miguu.